Lamu kwa siku tatu: lipia muda, si chumba

Wafanyabiashara wa soko la Custom, Juba, wanaopanga mapumziko mafupi pwani huanza kuhesabu bei ya hoteli. Kwa siku tatu za Lamu, hesabu hiyo imeanzia mkiani. Ukipanda basi la Nimule na Kampala, likizo itaishia barabarani. Ile njia ya LAPSSET, mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini uliozinduliwa Lamu mwaka 2012 mbele ya Rais Salva Kiir, bado haijamfikisha abiria wetu baharini. Afadhali ndege hadi Nairobi, kisha uwanja wa Manda, uvuke kwa boti. Pa kubania ni malazi. Kijiji cha Shela ni cha wenye nazo, lakini ufuo wake hauna geti: ukilala Mji wa Kale, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, unaufikia kwa miguu kwa muda usiozidi saa moja, ukipishana na punda waliobebeshwa saruji.

Atakayesema ndege ni anasa ana hoja, hasa pauni yetu inavyoporomoka. Lakini basi nalo linakula: chakula, gesti, na siku ambazo duka limefungwa. Kama fedha haitoshi, aahirishe hadi Februari, wakati msongamano wa Krismasi umepungua na kaskazi bado inavuma. Aprili na Mei bei hushuka, ila masika hufunga baadhi ya hoteli.