Namba Nazo Huisha

Katika hifadhidata ya kompyuta, kila mstari wa jedwali hupewa namba yake pekee, iitwayo ufunguo msingi, kama sisi wanafunzi tulivyo na namba zetu za kuandikishwa. Wengi hudhani namba hizo hazina mwisho. Sivyo. Namba za biti 32, zitumiwazo mara nyingi, hukoma kwenye 2,147,483,647. Mwezi wa Novemba 2018 jedwali moja la Basecamp, programu ya Marekani ya kupangia kazi, lilifika hapo. Kwa muda wa karibu saa tano wateja waliweza kusoma tu, wasiweze kuandika neno.

Wako wasemao kwamba yatosha kuhesabu mistari. Mimi sikubali. Mstari ukifutwa, kwa kawaida namba yake hairudi. Basi jedwali lenye mistari michache laweza kuwa limekaribia ukingoni.

Kwa maoni yangu, kila mtunza hifadhidata na achore nguzo moja kwa kila jedwali, atie rangi sehemu ya namba zilizokwisha kutumika, na autazame mchoro huo kila mwezi. Nguzo ikipita nusu, na ahamie biti 64 mapema. Wenzangu, kesho ni sisi tutakaotunza majedwali ya hospitali na mabenki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.