Kibaya Chajitembeza

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyetunga methali hii hakuziona gereji za chini ya kilima chetu cha Old Kampala. Hapa kibaya hupigwa rangi, kikatandikwa zulia jipya, kikauzwa asubuhi, na jioni kinajitembeza kweli, kimebeba abiria 14.

Nasema juu ya teksi zetu, zile Toyota HiAce. Nyingi hutoka Japani zikiwa gari za mizigo, hazina viti vya abiria nyuma. Zikifika Kampala, fundi hukata bati la ubavuni akatia vioo, hutoboa sakafu akafunga viti. Kazi hiyo si aibu. Mafundi wetu wana mikono ya kusifiwa. Aibu ni kile kinachofunikwa. Kioo kisichozibwa vizuri huingiza mvua, maji yakateremka ndani ya ukuta hadi chini ya zulia, na kutu ikaanza kula sakafu ileile inayoshika viti. Bolti iliyofungwa kwenye bati tupu, bila kipande cha chuma kipana chini yake, hushika vyema gari likiwa limesimama. Siku breki inapokanyagwa ghafla, bati huchanika.

Mjomba wangu alinunua gari la namna hiyo kwa mkopo. Mwezi wa pili, kwenye mteremko wa kuelekea Kisenyi, kiti kiling'oka na mama mmoja akavunjika mkono. Tulipofunua zulia, nilisukuma bisibisi ikapenya sakafu kama inavyopenya muhogo uliooza. Juu ya kutu palikuwa na puti, na juu ya puti rangi.

Mjomba akasema, "Mwanangu, tupake puti tuliuze. Hata mimi niliuziwa hivyohivyo."

Nikamjibu, "Mjomba, atakayelinunua naye atambeba mama wa mtu."

Wenzangu darasani walimtetea: mnunuzi ajichunge mwenyewe. Haya, mnunuzi ajichunge. Abiria je? Aliyepunga mkono kando ya barabara alipewa lini nafasi ya kufunua zulia? Wengine wakasema umaskini ndio unaotufanya tufiche. Nakataa. Umaskini hueleza kwa nini tulichelewa kutengeneza; hauelezi kwa nini tulidanganya.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Mwaka 2017 Bunge liliazimia kusimamisha ukaguzi wa lazima wa magari uliokuwa mikononi mwa kampuni ya SGS. Mwaka 2018 sheria ikazuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lakini umri wa gari hausemi lolote juu ya bolti iliyofungwa hapa kwetu wiki iliyopita.

Na kugundua si uganga. Sumaku haishiki penye puti nene. Nyundo ndogo hulia tofauti penye bati lililooza. Mwaga maji juu ya paa, keti ndani, subiri uone yanapotokea. Kisha kata kutu yote mpaka ukutane na chuma safi, chomelea bati jipya, paka rangi ya kuzuia kutu, ziba viungo, na kila bolti ipate chuma chake chini. Puti ije mwisho, kulainisha uso, si kuziba shimo.

Kwa hiyo nadai jambo moja jepesi: zulia lisitandikwe kabla mnunuzi na mkaguzi hawajaiona sakafu ikiwa wazi. Fundi mwaminifu hatapoteza kitu. Atakayepiga kelele, tutajua anaficha nini.

Gari la mjomba lilikaa gereji wiki mbili bila kuingiza hata shilingi, na deni likapanda. Mpaka leo hajanishukuru. Lakini nikipanda gari lile naketi kiti cha nyuma, na simzuii mama yangu kuketi kando yangu.