Kola ya Kichina imeshakuwa ya fundi wa Mtongwe

NG'AMBO YA FERI
Na Mwanaisha Shee

Ingia harusi yoyote Likoni, kisha watazame wanaume shingoni. Kola ya kukunja, ile ya shati la ofisini, utaiona kwa wazee wachache na labda kwa mgeni aliyetoka kazini moja kwa moja. Waliobaki, kuanzia bwana harusi hadi kijana wa kupiga picha, wamevaa kola iliyosimama: ukanda wa kitambaa wa inchi moja na nusu hivi, umezunguka shingo, na ncha zake zimekaribiana mbele bila kugusana. Mafundi wetu wanaiita kola ya Kichina. Iko kwenye mashati ya vitenge na kwenye kanzu za vijana, na kwa akina dada imeingia hadi kwenye abaya, tena pamoja na vile vifungo vya kamba iliyopigwa fundo.

Wapo wanaokereka. Barazani huwa nasikia kwamba tumemezwa: reli ya Mchina, simu za Mchina, sasa hata shingo zetu. Hoja hiyo mimi hainiingii.

Kwanza, Wachina wenyewe hatukuwaona na kola hiyo. Walipokuwa wakijenga reli ya kufika Miritini, ile iliyozinduliwa Mei 31, 2017, walivaa fulana, suruali na helmeti kama kibarua yeyote wa Changamwe. Kola ilitufikia kwa vichochoro: kwa sherwani za Wahindi, kwa wafanyabiashara wetu waendao Dubai na Guangzhou, na kwa siasa. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Waziri Mkuu Chou En-lai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo. Ile suti iliyofungwa vifungo hadi kooni ikawa vazi la wakubwa wa Tanzania, na watu wakaipa jina la mgeni wao. Mzee aliyeagiza Chou En-lai kwa fundi wa Kariakoo hakujiona amekuwa Mchina. Alijiona nadhifu.

Na hayo mavazi ya jadi ya Kichina, mengine si ya kale kama tunavyodhani. Suti hiyo ilipata umaarufu kwa Sun Yat-sen miaka ya 1920, na wanahistoria wa mavazi wanaiunganisha na sare za wanafunzi wa Japani, ambazo nazo ziliiga magwanda ya majeshi ya Ulaya. Qipao, lile gauni la kubana lenye kola iliyosimama na mpasuo pembeni, lilipata umbo lake Shanghai miaka hiyohiyo, mafundi walipolipunguza joho la Wamanchu. Serikali ya huko ililifanya vazi rasmi mwaka 1929. Kufikia wakati huo, duka la Kaderdina Hajee Essak hapa Mombasa, tunalolijua kwa Mali ya Abdulla, lilikuwa limeuza leso kwa zaidi ya miaka 40, maana lilianza mwaka 1887. Leso zetu nazo zimechapwa India, Uholanzi na Japani. Nenda kamwambie bi harusi wa Kisauni kwamba leso si yake, uone utakavyojibiwa.

Hapa nawakumbusha waheshimiwa wetu wa Nairobi. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Suti hiyo ni binamu ya Chou En-lai, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, na ni vazi alipendalo Rais Ruto. Mwanamume, Spika akasema, aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Kola anayoitaka ni ya kukunja, ya kufungia tai. Kwa hiyo ukivaa alichobuni Mwingereza una heshima, na ukivaa alichokiazima Mwafrika kutoka Asia umelivunjia Bunge hadhi. Wanaolalamika kwamba tunaiga Wachina sikuwasikia siku hiyo.

Kuazima si kosa. Kosa ni kuazima kisha ukajidai mwenye mali. Julai 2022 wanafunzi wa Kichina waliandamana Paris mbele ya duka la Dior, kwa sababu kampuni hiyo iliuza sketi iliyofanana mno na mamianqun, sketi ya marinda ya tangu enzi za wafalme wao, kwa takriban dola 3,800, na kuieleza kuwa umbo la Dior. Sisi tunaijua hasira hiyo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara, Wakenya wakapinga, na mpango ukaanguka. Fundi wa Kisauni hajasajili chochote. Kola aliikuta, anamtaja mwenyewe kila anapoikata, na jirani yake ana ruhusa ya kuikata vilevile.

Kinachonikosesha raha mimi ni kontena. Juzi nilikaa kibarazani kwa fundi wangu wa Mtongwe akimshonea kijana shati la harusi. Kola hakuikata kwa rula. Aliipinda kidogo kufuata mteremko wa shingo, akaweka kitambaa kigumu ndani, akapiga pasi, akashona, akaigeuza, kisha akazisukuma kona kwa ncha ya mkasi mpaka zikawa duara. "Mwanangu, ukiikata imenyooka, nyuma itasimama kama ukuta," akaniambia. Cherehani yake ni Butterfly ya kukanyaga, iliyotoka Shanghai. Kitenge kilitoka China pia. Lakini pindo lile lilikuwa lake, na hela ya ushonaji ilibaki Mtongwe.

Sasa mashati hayohayo yanashuka bandarini yameshashonwa. Mengi yana kola iliyonyooka, inayoachana na kisogo, ila bei yake fundi haiwezi. Mteja haoni kisogo chake, anaona bei. Ng'ambo ile ya Changamwe na Mikindani, akina mama wanaingia viwanda vya EPZ kila alfajiri kushona nguo za kupelekwa Marekani. Mmoja anashona mifuko tu mchana kutwa, mwingine pindo tu, na nguo nzima hawaivai wao wala wana wao. Ujuzi tunao, tena mwingi. Mahakama na Bunge hawatamwokoa fundi huyu. Mwenye kumwokoa ni wewe uliyealikwa harusini.

Basi ukipata kadi ya mwaliko, nunua kitambaa chako mapema, mpelekee fundi wa mtaani kwako wiki tatu kabla, mlipe nusu siku hiyohiyo, na ukubali kupimwa shingo kwa futi. Usimwendee Alhamisi usiku na picha kwenye simu ukitaka nguo ya Ijumaa, halafu useme mafundi wa Likoni ni waongo.