Mama Ntilie Naye Ana Mgahawa, Mtake Msitake

Wadau, kuna kaka mmoja hapa Dar anajulikana kwa kuonja misosi mtandaoni, jina naliweka kapuni. Juzi akiwa laivu shabiki akamuuliza mbona haonekani kwa mama ntilie. Jamaa akacheka, akajibu kwamba yeye anapima migahawa, hapimi vibanda. Wafuasi wakamwaga vicheko. Mimi sikucheka.

Tujiulize, mgahawa ni nini? Kama ni kiyoyozi, ukuta wa maua ya plastiki ya kupigia selfi na menyu ya kusoma kwa simu, basi sawa, mama ntilie kafeli mtihani. Lakini nijuavyo mimi, mgahawa ni mahali mtu anapika, watu wanalipa, wanakula, na kesho wanarudi. Hilo la kurudi ndiyo kipimo. Kuna sehemu kule Masaki unaenda mara moja kwa ajili ya picha, hurudi tena mwaka mzima. Kwa mama, fundi gereji, konda na karani wa benki wanabanana benchi moja kila mchana kwa hela zao wenyewe. Hakuna aliyepewa ofa ili asifie.

Na wenzetu hili walishalimaliza. Mwaka 2016 Michelin, kile kitabu cha Wafaransa kinachogawa nyota kwa migahawa mikubwa duniani, kiliwapa nyota wapishi wawili wa vibanda vya Singapore. Mmoja alikuwa anauza wali na kuku wa mchuzi wa soya. Hakuambiwa ahamie hotelini kwanza.

Sasa msije mkasema natetea uchafu. Kipindupindu cha 2015 kilianzia hapa hapa Dar, hatujasahau. Kwa hiyo ukienda kwa mama sema ukweli: maji ya kunawa yanatiririka au ni beseni moja la watu thelathini? Chakula kimefunikwa? Kinatoka motoni au kimelala? Wali wa Jumatatu na wa Ijumaa ni ule ule? Ila maswali hayo hayo yapeleke na kwa yule wa kiyoyozi, ambaye jikoni kwake hukaribishwi hata kuchungulia.

Hapo ndipo ninapokuja kwa dada mwingine, naye jina kapuni. Huyu vibandani anaenda, tena sana. Shida ni anavyoenda. Karibu na ofisini kwetu kuna mama anapika wali maharage wa nazi, ikifika saa 8 mchana sufuria nyeupe. Siku moja dada akatua na simu mkononi, hakupiga hodi, hakununua hata sahani moja. Akazunguka nyuma, akarekodi vyombo ambavyo ndiyo kwanza vimetoka kuliwa, vinasubiri kuoshwa, na nzi wawili juu yake. Klipu ya sekunde kadhaa, maneno ya kejeli, kiki ikapatikana.

Wiki mbili mama alipika nusu ya mchele wake, na bado ulibaki. Mchele wenyewe alikuwa amechukua mali kauli dukani, na pembeni kuna mkopo wa kausha damu unaodai kila siku, uuze usiuze. Nilimuuliza kwa nini hakumjibu yule dada. Akaniambia, "Mwanangu, nimjibie wapi? Mimi simu yangu ya vocha ya mia tano."

Hoteli ikisemwa vibaya ina mwanasheria, ina meneja wa kuandika tamko, ina mtaji wa kusubiri upepo upite. Mama ana sufuria mbili na sura yake. Na angalia tofauti: ukitaka kupiga picha kwenye mgahawa mkubwa unaomba ruhusa, kwa mama unatoa simu tu. Kwa hiyo yule kaka anayesema vibanda havistahili kupimwa, na huyu dada anayevipima kwa nzi, wote wawili wanasema jambo moja: pale hapana mpishi wa kuheshimiwa.

Mimi ombi langu ni dogo. Nendeni kwa mama ntilie, lakini nendeni kama mnavyokwenda kwa wakubwa. Salimia, omba ruhusa, nunua kwa hela yako, kula umalize. Rudi siku ya pili uone kama ladha imesimama. Ukikuta kasoro, mwambie yeye kwanza, huenda ndoo yenye koki ndiyo tu iliyokuwa inakosekana. Halafu ndiyo uje utuambie, zuri na baya.

Na wewe unayesoma hapa, chimbo lako la mchana ni lipi, na ulishawahi kumuuliza mama jina lake?