Waliopotezwa wameingia Oscar: utabiri wangu



Jumapili ya Machi 2, 2025 tuzo za Oscar zinatolewa kule Los Angeles. Kwetu itakuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, kuanzia saa tisa. Mwezi ukiandama inavyotarajiwa, wengi wetu tutakuwa macho kwa ajili ya daku, kwa hivyo usiniambie hutachungulia simu. Mimi nitachungulia. Nina utabiri wangu, na nasema utabiri, si kamari. Hapa haiwekwi shilingi ya mtu.

Kipengele ninachokingoja zaidi ni cha filamu bora ya kimataifa. Najua wengi wenu mmeisikia Emilia Pérez kwa sababu ya matusi tu. Imeteuliwa mara 13, zaidi ya filamu nyingine yoyote mwaka huu. Mwisho wa Januari zikafukuliwa posti za zamani za mwigizaji wake mkuu, Karla Sofía Gascón, zikiutukana Uislamu na Waislamu. Ameomba msamaha, Netflix wamemweka kando kwenye kampeni, na sisi huku tumeshatoa hukumu: wanyimwe.

Hapo natofautiana nanyi kidogo. Mwigizaji ajibu posti zake mwenyewe. Filamu tuihukumu kwa kazi yake, na kwa kazi yake ndiyo naona inaanguka.

Kisa chake ni cha Mexico, nchi yenye watu zaidi ya 100,000 walioandikishwa kuwa hawajulikani walipo. Mkubwa wa genge la mihadarati anaanza maisha mapya kwa jina jipya, kisha anafungua shirika la kutafuta maiti za watu waliopotezwa na magenge kama lake. Yote hayo kwa nyimbo na densi, na sehemu kubwa imepigwa studio huko Ufaransa na mwelekezaji Mfaransa, Jacques Audiard. Wamexico wengi wamelalamika, na siwalaumu. Muuaji ndiye amepewa moyo, safari na wimbo. Mama anayetafuta mifupa ya mwanawe amepewa kuitikia.

Sasa iweke pembeni ya I'm Still Here, ya Brazil. Nayo inahusu mtu aliyepotezwa, lakini huyu alikuwepo kweli. Rubens Paiva alikuwa mbunge aliyevuliwa kiti chake baada ya wanajeshi kupindua serikali mwaka 1964. Januari 20, 1971 watu wenye silaha, bila sare, wakaja nyumbani kwake Rio de Janeiro. Akavaa suti na tai, akatoka akiendesha gari lake mwenyewe, na hakurudi. Mkewe Eunice naye akachukuliwa, akazuiliwa siku 12. Alipotoka, kila alipouliza mumewe yuko wapi aliambiwa hawana mtu kama huyo.

Mwelekezaji Walter Salles haonyeshi mateso mengi. Anaonyesha nyumba. Watoto watano ambao hawajaambiwa kitu, na mama anayejifanya yuko sawa. Kuna mahali anakwenda benki kutoa pesa, anaambiwa lazima mumewe atie sahihi. Mume yupi? Wenye kumficha hawasemi wanaye, na benki haikubali kuwa hayupo.

Nilipofika hapo nilisimamisha filamu kwanza. Wewe uliyekulia Pwani au Kaskazini Mashariki unajua kwa nini. Nchi nzima ilianza kulia kuhusu utekaji nyara baada ya maandamano ya Juni 2024, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu visa 82 kufikia Desemba. Kwetu habari hii ni ya zamani. Gari lisilo na nambari, kijana ametoka kuswali, basi. Anabaki mke ambaye hakai eda kwa sababu hajui kama ni mjane. Hakuna janaza, hakuna mirathi, watoto wanauliza. Mpaka aende kwa kadhi kuomba mumewe ahesabiwe amekufa, na wako wanaokataa kwenda kwa sababu wanaona ni kama kumzika kwa mdomo wao wenyewe.

Eunice alisomea sheria akiwa mtu mzima, akawa wakili. Cheti cha kifo cha mumewe alikipata mwaka 1996, miaka 25 baadaye, na kwenye filamu anakipokea akitabasamu. Ukiwa hujawahi kungoja, tabasamu hilo utaliona la ajabu. Maiti haijapatikana hadi leo. Januari mwaka huu ndipo cheti hicho kikarekebishwa kusema kuwa aliuawa na dola. Eunice mwenyewe alifariki 2018, hakuyaona hayo.

Kwa hivyo utabiri: I'm Still Here inachukua. Najua Golden Globe na BAFTA zote zimeipa Emilia Pérez, na najua hadi mwanzoni mwa 2025 Brazil ilikuwa haijawahi kushinda kipengele hiki. Lakini kura za Oscar zimepigwa baada ya ule moto wa posti kuwaka, na filamu ya Brazil imeteuliwa hata kwa filamu bora ya mwaka. Ikishindwa, nitakuja hapa hapa mnicheke.

Mwigizaji bora wa kike? Moyo unamtaka Fernanda Torres, aliyecheza Eunice. Kichwa kinasema Demi Moore, ingawa BAFTA imekwenda kwa Mikey Madison. Wa kiume ni Adrien Brody. Filamu bora ya mwaka naona ni Anora, na hiyo usiiangalie mbele ya wazazi.

Filamu ya hali halisi ndiyo inayoninyima usingizi. No Other Land imetengenezwa na Wapalestina wawili na Waisraeli wawili, kuhusu vijiji vya Masafer Yatta vinavyobomolewa kwa madai kuwa ni uwanja wa mazoezi ya jeshi. Ilishinda Berlin mwaka jana, na kufikia Februari 2025 hakuna kampuni ya usambazaji Marekani iliyokuwa imethubutu kuichukua. Mpinzani wake mkubwa ni Porcelain War ya Ukraine, iliyopata tuzo ya chama cha waelekezaji mwezi huu. Ipo pia Soundtrack to a Coup d'Etat, kuhusu kuuawa kwa Lumumba na wanamuziki wa jazi waliotumiwa bila kujua. Ndefu, lakini itafute.

Nasema No Other Land. Wanaopiga kura hawahitaji kuiuza filamu, wanahitaji kuitazama tu, na nani ataitazama nyumba ikibomolewa mbele ya wenyewe kisha aipe kura nyingine? Au najidanganya?

Andika utabiri wako hapo chini kabla ya Jumapili. Atakayehariri posti yake baada ya daku tutamjua.