Konje na meza ya pamoja ni haki ya mufanyakazi

Tarehe 15 mwezi wa nane, Italia inafunga milango. Maduka na viwanda vingi, kimya. Watu wanaenda bahari ao mulimani, wanakaa mezani na marafiki masaa tatu, ine, na mwisho wanakata tikiti maji. Siku ile wanaiita Ferragosto. Sisi hapa Bukavu tunaijua kama sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni: asubuhi misa, kisha kazi, kwani kwa sheria yetu haiko siku ya ferie. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda wanapumzika.

Wamoja watasema: hayo ni mambo ya Wazungu wenye kushiba. Sisi wa sendika tunakatala. Jina Ferragosto linatoka kwa kaisari Augusto, aliyeweka siku za pumziko mwaka 18 mbele ya Kristo, wakati wa kumaliza mavuno. Wafanyakazi walienda kusalimia mabwana wao, nao wanapewa feza kidogo. Tangu mwanzo ilikuwa siku ya mutu wa kazi.

Tena Waitalia hawakushiba sikuzote. Mwaka 1946 serikali yao ilipatana na Ubelgiji: Italia itume wachimbaji, Ubelgiji iuzishe makaa ya mawe. Tarehe 8 Agosti 1956, moto uliwaka ndani ya shimo la Bois du Cazier, kule Marcinelle. Wachimbaji 262 walikufa, 136 kati yao Waitalia. Ilibaki juma moja tu Ferragosto ifike.

Na Ubelgiji yenyewe, ile iliyotutawala, iliweka konje ya kulipwa mwaka 1936, siku sita kwa mwaka, kisha mugomo mukubwa wa wafanyakazi, wachimbaji wakiwemo. Hakuna patro aliyeamka asubuhi moja akaitoa kwa roho muzuri.

Kwetu, sheria ya kazi ya 2002 inasema: masaa 45 kwa juma, na konje ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi mutu anaotumika. Ni wangapi wanaiona? Na muchimbaji wa mikono, kule Kamituga ao Nyabibwe, hana kontra, hana konje. Siku hashuke shimoni, ile siku hakuli.

Si kwamba hatujui kula pamoja. Agosti ni kiangazi, watoto wako vakansi, arusi zinafuatana. Bugali, sombe, sambaza, nyama ya mbuzi, kasiksi: meza inajaa. Lakini muchimbaji anatuma franga tu, yeye mwenyewe anabaki kwenye shimo. Na mutu aliyechoka ndiye haone ukuta wa shimo unapasuka.

Kwa hiyo tunaomba. Makampuni yabandike karatasi ya konje ukutani, na yalipe. Kooperative zifunge mashimo siku moja kila juma, na ziweke sanduku la kusaidia wale ambao siku ile hawana chakula. Na sisi wa sendika, tuanze hii 15 Agosti: kila mutu alete kile anacho, tukae chini, tuongee bila haraka. Wenye kula pamoja wanajuana, na wenye kujuana hawaachane siku ya mugomo. Mapatro wanajua hilo. Tulijue na sisi.