Njia za Baiskeli Zisizibwe Lamadi

Alfajiri yoyote ya kiangazi, mtu akisimama katika njia panda ya Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapoachana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, atauona uchumi wetu ukipita juu ya magurudumu mawili. Wako watokao mialoni wakiwa wamefunga matenga ya samaki nyuma ya baiskeli. Wako wapelekao maziwa, mkaa na magunia ya mpunga. Wako wanafunzi wanaowahi kengele, na wako akina mama waendao zahanati. Wengi wao hawakuianza safari yao juu ya lami. Wameianza katika vijia vyembamba vinavyokatiza mbugani na pembezoni mwa mashamba, ambamo gari halipiti.

Leo twataka kusema juu ya vijia hivyo. Vinazibwa kimoja baada ya kingine, pasipo mtu kutoa amri na pasipo mtu kuuliza. Jambo hilo laonekana dogo, lakini kila kijia kinapozibwa, wale waliokitumia husukumwa barabarani, wakagombee ukingo wa lami na mabasi na malori.

Nchi yetu hii ni kama iliumbwa kwa ajili ya baiskeli. Kutoka Ghuba ya Speke kuelekea mashariki ni tambarare. Mito Simiyu na Mbalageti huteremka polepole kutoka upande wa Serengeti na kumwaga maji yake ziwani, na Mto Duma huungana na Simiyu ukiwa njiani. Katika mabonde ya namna hii mtu mwenye gunia zima nyuma ya kiti hupiga pedali saa mbili pasipo kushuka. Ndiyo sababu baiskeli ilishika mizizi Usukumani kuliko katika sehemu nyingi za Tanzania. Kwa miaka mingi, mkulima alipouza pamba yake, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa: Phoenix iliyotoka China, au Swala iliyoundwa Dar es Salaam na kampuni yetu ya umma, NABICO. Vijia tunavyovisema havikuchorwa na mhandisi. Vilichorwa na miguu ya watu na kwato za ng'ombe, kisha magurudumu yakavilainisha.

Hatuko hapa kuilaumu barabara. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alifungua barabara ya lami ya Bariadi na Lamadi yenye urefu wa kilometa 71.8, na kila mwenye macho ameona faida yake. Mgonjwa hufika hospitali upesi, na pamba haikwami tena matopeni. Lakini lami imeleta mwendo wa kasi, na kasi haina huruma kwa mtu asiye na bodi la chuma la kumkinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio watu wetu.

Yafaa tukumbuke pia kwamba njia hii ina historia. Oktoba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio hilo. Njia ya Butiama hadi Mwanza hupita hapa kwetu. Kiongozi wa nchi alikwenda kwa mwendo wa mkulima. Leo, mkulima akienda kwa mwendo wake mwenyewe katika njia hiyo hiyo, hupigiwa honi aingie majanini.

Na sisi tulio viongozi katika Chama na katika Serikali hatuna budi kujihoji. Twaenda vijijini kwa gari, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Twafika, twahutubia, twaondoka. Katika mipango tunayoipitisha, neno "barabara" limekuwa na maana ya gari peke yake. Kiwanja kinapopimwa juu ya kijia, katika ramani hapana kilichopotea, kwa sababu kijia hakikuwamo katika ramani. Shamba linapoongezwa hatua tatu na kuzungushiwa uzio wa miiba, hatuoni kwamba watoto wa kitongoji kizima wamefungiwa njia ya shule.

Wako watakaosema kwamba baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba zama za bodaboda zimekwisha kufika. Twawajibu kwamba bodaboda ina kazi yake, nasi hatuipingi. Lakini pikipiki haiendi bila mafuta, na mafuta hayachimbwi Lamadi. Mwaka 2022, bei ya lita ya petroli ilipopita shilingi 3,000, nauli zilipanda mara moja na mwenye kipato kidogo akabaki akihesabu senti. Aliyekuwa na baiskeli hakuongeza hata shilingi moja. Chombo kinachomwezesha mtu kujitegemea namna hiyo hakiwezi kuitwa alama ya umaskini.

Tena mataifa yenye fedha yamekwisha kulijua jambo hili. Uholanzi ni nchi tambarare ya midomo ya mito, kama tambarare yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili waliipa gari kila kitu. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara zao, na kati yao watoto walikuwa zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani kupinga mauaji ya watoto. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa, ile ile iliyotuumiza na sisi, na tangu hapo wakaanza kwa bidii kuitenga njia ya baiskeli na njia ya gari. Huko Austria na Ujerumani, kandokando ya Mto Danube, walizikuta njia za kale ambazo farasi walipita wakivuta mashua kupanda mto. Hawakuziacha zilimwe zikapotea. Leo wapanda baiskeli hufuata njia hizo kutoka Passau hadi Vienna, sehemu kubwa ya safari wakiwa mbali na magari, na miji midogo ya njiani hupata riziki kwa wageni hao. Nasi hapa tuna ziwa upande mmoja na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti upande wa pili.

Wala jambo hili si geni Tanzania. Katika miaka ya 1990 Morogoro na Temeke zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Nairobi na Eldoret nchini Kenya, kufanyiwa majaribio ya kuboresha usafiri wa miguu na baiskeli kwa msaada wa Benki ya Dunia. Jijini Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 ulijenga njia za baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Lakini huko twajifunza pia kwamba njia isiyolindwa huvamiwa: pikipiki hupita humo zikikwepa foleni, na biashara hutandazwa juu yake. Kujenga peke yake hakutoshi.

Twakiri kwamba mazingira yetu yana ugumu wake. Udongo mweusi wa mbugani hugeuka gundi wakati wa masika, na baiskeli hubebwa begani badala ya kumbeba mwenyewe. Mito yetu, ambayo kiangazi huvukwa kwa miguu mikavu, hufurika kwa usiku mmoja. Tembo hutoka hifadhini, na viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho. Kwa hiyo hatudai kila kijia kiwe lami, wala hatumshauri mtu kusafiri gizani. Twadai vitu vichache vinavyowezekana kwa nguvu zetu.

Kwanza, kila serikali ya kijiji iorodheshe njia za baiskeli na za miguu zinazotumiwa na wengi, na orodha hiyo ifikishwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka uwezo huo mikononi mwa wanakijiji. Pili, halmashauri ziingize njia hizo katika mipango ya matumizi ya ardhi, na wapimaji waweke bikoni kabla ya kugawa viwanja. Upana wa mita tatu watosha baiskeli mbili zenye mizigo kupishana. Tatu, TARURA na halmashauri zisaidie makalavati, vivuko na moramu katika sehemu zinazozama, na wananchi wajitolee nguvu zao kwa kazi iliyobaki, kama walivyojenga madarasa. Nne, barabara kuu kisheria ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. TANROADS ifikirie kutenga humo njia ya baiskeli iliyo mbali na lami, hasa karibu na shule, masoko na njia panda. Tano, vigingi vipandwe kwenye maingilio ya njia hizo ili gari lisiingie, na viongozi wa vitongoji wawazuie wenye pikipiki.

Tulipokuwa watoto chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa kitu chenye udhia njiani ni sehemu ya imani. Mwalimu alitutuma tuokote miiba katika kijia cha kwenda kisimani, nasi tukaokota. Leo miiba imekuwa uzio, na waliouweka ni watu tunaowafahamu, pengine ni sisi wenyewe. Kazi ya kuuondoa haingoji bajeti ya mwaka ujao. Msimu wa kilimo haujaanza, na kila kiongozi wa kitongoji ajua kijia kipi kilizibwa mwaka jana. Aanze na hicho.